Mazoezi ya Kupokea Miraa

Jumamosi, Laare

Siuamini huu mchezo wao.

Binti yangu Kendi amechukua opera ya kale ya Wazungu, ya baba anayemkatalia binti yake mchumba, akaondoa nyimbo zote na kuigeuza densi. Leo aliniita ukumbi wa kanisa niwaonyeshe wachezaji jinsi baba wa Kimeru anavyopokea miraa ya posa. Kwetu baba akiipokea, amekubali. Eti mtaalamu ni mimi, niliyeposa nikitetemeka hadi majani ya mgomba yaliyofunga miraa yangu yakapasuka.

Mutwiri, mchezaji wake mkuu, akaniletea fungu. Miraa halisi, mbichi, imefungwa vizuri.

"Si mngefunga majani tu?" nikamuuliza Kendi.

"Baba, watu wa hapa watajua ni uongo."

"Na mimi nitajuaje?"

Wakacheka wote isipokuwa Mutwiri. Yeye alikuwa anatokwa na jasho, na densi haikuwa imeanza.

Sasa nimemtoa binti au nimefanya mazoezi? Mama Kendi anasema ni mchezo tu, lakini anasema akiangalia sufuria.

Na niliipokea kwa mikono miwili. Hata nikatabasamu, na hakuna aliyeniambia nitabasamu.