Kambale Atamkwepa Shoka?

Jumatatu, 3 Machi
Kinyozi na fundi cherehani wamebishana hadi nimetoka na kichwa kilichonyolewa nusu. Ubishi ule ule: mjukuu wangu Kambale – mikono chini, mgongo nyuma, anateleza kama sabuni – Jumapili atamweza Shoka? Shoka ana ngumi moja tu, ya kulia, lakini ikikupata unasahau jina la mama yako.

Kinyozi: raundi ya pili, chali! Fundi: atampigaje mtu asiyeshikika?

Kuna kitu hakinikai akilini. Mbona binti yule hugeuza uso kushoto kila saa, kama kuku anayekagua punje?

Jumatano, 5 Machi
Nimemchunguza. Chai kaimimina nje ya kikombe. Nikamrushia limau kutoka kulia – kalidaka. Kutoka kushoto – likamgonga sikio!

"Mzee wewe, utoto umekurudia?"

Nikamtania mjukuu: mke wangu, umezeeka kabla yangu. Akatoka bila kunijibu. Yule! Lini alinyamaza nikimchokoza?

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda mazoezini. Kocha ananipoza: huko kugeuza uso ndio mtindo wake, mzee, mtindo wa kisasa. Mtindo gani! Miaka thelathini nimewafunga mabondia bandeji. Namjua anayekwepa ngumi aliyoiona, na namjua anayebahatisha. Na ya Shoka itatokea kushoto kwake.

Nyuma ya bafu nimemsikia Kambale akinong'ona: H, V, D, N… tena, H, V, D, N… Niliishia darasa la nne, lakini hilo si neno la lugha yoyote.

Jumamosi, 8 Machi
Zahanati, upimaji wa mabondia. Mlango uko wazi. Ukutani kuna ubao wa kupimia macho. Mstari wa mwisho: H, V, D, N.

Shetani mdogo!

Kinyozi na fundi wamenibana katikati ya benchi, wanabishana juu ya kichwa changu. Daktari katoka. Anasema hata yeye mstari wa mwisho humshinda, lakini binti kausoma bila kukodoa macho. "Babu, unaishi naye. Anaona vizuri?"

Wale wawili wameacha ubishi na kunigeukia, mara ya kwanza wiki nzima. Nyuma ya daktari, Kambale ananitazama. Uso kushoto. Midomo yake: babu, tafadhali.

Nimejifanya kiziwi. Nimeinamia daftari. Daktari kamwita nesi aje anipigie kelele sikioni.

Nesi mnene huyo anakuja. Kasimama upande wangu wa kushoto, anavuta pumzi –