Chochote Utakachoona, Mzee

Shoga, uko wapi? Mdogo wangu, fundi wetu wa majokofu, ametoka kuomba nyongeza ya mshahara sasa hivi. Nimeshika kichwa.

Miaka mitatu yuko pale, mshahara uleule wa alipoanza! Wiki nzima tumefanya mazoezi jikoni, mimi ndiye bosi, yeye anataja kiasi anachotaka bila kumung'unya maneno. Jana alikitaja kwa sauti hadi mama akashtuka.

Basi leo kaingia ofisini. Bosi kavua miwani, kamuuliza kwa upole, "Unataka nikuongeze kiasi gani, mwanangu?"

Aliposikia tu "mwanangu", mazoezi yote yakayeyuka. Si unajua tulivyolelewa, kumtajia mtu mzima pesa ni kama kumtukana.

Akajibu, "Chochote utakachoona, mzee."

CHOCHOTE! Kiasi anacho kichwani, kalala nacho kaamka nacho wiki nzima, halafu chochote!

Bosi kafurahi huyo! "Umelelewa vizuri." Kampa funguo za karakana ya pili, aisimamie hata siku za Jumamosi. Mshahara? Palepale.

Subiri, hujasikia. Bosi akaanza kumlalamikia fundi mwingine, aliyeajiriwa juzi tu. "Yule hana adabu kabisa. Alisimama hapohapo ulipo, macho makavu, akanitajia kiasi chake."

Mdogo wangu akauliza, "Ukamfanyaje, mzee?"

"Ningefanyaje? Nikampa."

Na huyu wetu aliyelelewa vizuri, shoga, akainamisha kichwa, akamwambia, "Pole sana, mzee."