Makofi ya Mama Uliyoyanyoosha

Mdogo wangu Lemayian,

Watu wa hapa Kitengela wakiniuliza unaendeleaje huko Dubai, nawaambia uko salama. Nitajuaje? Tangu tumzike mama hujanipigia simu hata mara moja, na hiyo ni aibu ya kuficha. Picha zako naziona kwa simu za watu, uko nyuma ya kinanda cha hoteli, umevaa suti, unacheka. Haya, cheka. Lakini leo utanisikiliza.

Unakumbuka vile ulipata kinanda chako cha kwanza? Mama aliuza ng'ombe wake wa maziwa, majirani wakasema amerukwa na akili. Ulikiweka kwa meza ya sebuleni, na haukupita muda ukachoka na biti za midundo zilizokuja nacho. Ulisema zimetengenezwa na watu hawajui vumbi letu. Ukaanza kutengeneza yako: kwanza ngoma, halafu besi, halafu gitaa, kila moja unairekodi juu ya mwenzake, ndiyo ukishika noti kwa mkono wa kushoto zote zikufuate. Mimi nilikaa kando yako. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza kitufe cha kurekodi ukinikonyeza.

Makofi ndiyo yalikushinda. Kila ukiyapiga yanatoka makavu, kama mtu anafukuza nzi. Ukamwita mama. Alitoka jikoni na unga mikononi, akajifuta kwa leso, ukamwonyesha kitufe cha makofi pa kugonga. Akawa anagonga kwa kidole kimoja huku anaimba polepole ule wimbo wa wamama wa kwao Kajiado. Lakini alikuwa anachelewa, kidogo tu. Ukamwambia arudie. Akarudia, akachelewa palepale. Ulipomwambia mara nyingine, alikuangalia bila kucheka.

"Sijachelewa," alisema. "Nangoja watu wamalize neno."

Tulicheka sisi wawili mpaka akarudi kwa ugali wake. Lakini uliyaacha vile alivyoyapiga, hata besi ukaipunguza ili yapate nafasi. Hiyo biti ndiyo iliimbisha kanisa letu miaka hiyo yote. Ukiiwasha, wamama walikuwa wanasimama kabla hawajaambiwa. Wapiga vinanda wa makanisa mengine walikuja na flashi zao kuiomba, ukawanyima wote. Hii ni ya mama, ulikuwa unasema, na mimi nilikuwa najivunia wewe sana.

Halafu kifua kikamkamata. Sauti yake ilipoisha, alikuwa ananiomba nimwashie ile biti yetu, analala hapo kwangu akiinua mabega tu vile wamama wa kwao huimba. Ndiyo ukaja kuchukua kinanda, ati unaenda kujaribiwa na watu wa hoteli Nairobi. Nilikuomba ukiache. Ukasema utakirudisha. Mama alikuwa ananiuliza kitarudi lini, na mimi namwambia kesho. Nilisema hiyo kesho mpaka akaacha kuuliza.

Ulikirudisha siku ya mazishi. Kikundi chake cha kuimba kilikuja chote pale nyumbani Kajiado, wamama na shanga zao, ukawaamkia kwa lugha ya kwao, "Takwenya," wakakuitikia kwa upendo, "Iko". Ukakaa, ukawasha biti ya mama. Kabla ubeti wa kwanza uishe nilijua kuna kitu. Neno halijaisha, makofi yashapigwa. Wamama wakapiga pale walipozoea, nyuma kidogo, na sasa yakawa makofi mawili yanagombana juu ya jeneza. Walikuangalia. Mimi nilikuangalia. Nilidhani utazima, Lemayian. Ukaongeza sauti.

Nilikufuata mpaka kwa gari, ukikunja waya. Nikakuuliza umefanya nini.

"Ilikuwa imetoka taimu, dada," ulisema. "Wale wa hoteli wangenicheka. Nilinyoosha tu."

Nikakuuliza ile ya kwanza iko wapi. Ukasema umeisevu mpya juu yake, kwa jina lilelile.

Juu yake! Mimi hicho kinanda nakijua, nilikaa kando yako. Hakiwezi kufuta kitu bila kukuuliza kama una hakika. Basi kilikuuliza. Mama alikuwa bado hai, amelala kwangu anangoja kesho, kinanda kikakuuliza, na wewe ukabonyeza ndiyo.

Uliniachia hicho kinanda, ati zawadi. Nimejaribu kuyapiga tena yale makofi kwa kidole changu mwenyewe. Yanatoka kama mtu anachelewa makusudi. Nimefunika kinanda kwa kitambaa, kiko hapo kwa meza, na kila nikikipita hasira inanipanda upya. Sijakusamehe. Usitume mjomba aje kuniongelesha, nitampa chai na aende.

Kanisani tumepata kijana mwingine wa kinanda. Wimbo wa mama ukifika, wamama humwambia azime. Tunaimba hivyo hivyo, tunangoja neno liishe, halafu tunapiga.

Siku utarudi, njoo, kanisa si langu. Kaa kule nyuma. Na mikono yako iweke mfukoni mpaka usikie sisi tumepiga.

Ni mimi dadako,
niliyekuwa nakubonyezea kitufe.