Mvuke wa Jengo Tupu

3 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ni goti tu linanisumbua. Anayeniandikia ni jirani, fundi cherehani, ameacha suruali ya mtu mashineni kwa ajili yako, kwa hiyo usome mpaka mwisho.

Jana alikuja mwenzangu wa pasi, yule mnene niliyefua naye hapo hospitalini miaka ishirini na sita. Hata kukaa alikataa. Akasema sehemu ya kufulia inafungwa mwezi wa nne, wanawake kumi na wawili wanakwenda nyumbani, na aliyeandika hivyo ni wewe. Nikamwambia atakuwa amekosea, mwanangu ni afisa wa kupunguza umeme na moshi, wafuaji wamemkosea nini? Akasema ndiye huyo huyo.

Sasa niambie mwenyewe. Maana ulipokuwa mchanga ulikuwa unalala huko ndani ya kikapu cha mashuka, na hao hao ndio waliokubembeleza mimi nikiwa mashineni. Fundi anauliza kama na hilo la kikapu aandike. Andika. Miezi minane uko hapo ghorofani, na hujatia mguu kufulia hata siku moja. Unaogopa nini, sabuni?

Mama yako

11 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu. Mimi mzima, ila kazi ni nyingi.

Suala hili halina chuki. Hospitali imeahidi kupunguza hewa ya ukaa kwa theluthi moja ndani ya mwaka, na mimi ndiye niliyekabidhiwa. Kwa mujibu wa ripoti, boila inachoma mafuta usiku na mchana, na mvuke wote unatumika kufulia. Tukifunga, kampuni ya nje itafua; lori litachukua mashuka na kuyarudisha kila siku, na moshi huo hautahesabiwa kwetu tena. Taa tumeshabadilisha, na kila mlango una kibandiko cha kukumbusha watu kuzizima. Haijatosha. Bodi inakaa tarehe 28 Machi.

Kuhusu kutofika huko, nina majukumu. Tafadhali, hayo ya kikapu usiwaambie watu.

Mwanao

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti liache, wewe hulijui.

Barua yako nimesomewa mara mbili, ya pili kwa sababu nilidhani fundi amekosea. Yaani moshi ukitokea kwa mwingine si moshi? Nikitupa takataka zangu uani kwa fundi, nimesafisha? Fundi anasema nisijaribu. Na hilo lori linasukumwa kwa mikono? Mashuka yaende na kurudi yakinuka dizeli, wewe upigiwe makofi. Nimekusomesha kwa mikono hii iliyobabuka, kumbe ulikwenda kujifunza kuhamisha uchafu. Hilo hata mimi nisiyejua kusoma naliweza.

Halafu hiyo "mvuke wote". Wote nani kakwambia? Karatasi. Karatasi haiunguzi mtu. Bomba likitoka kwenye boila linagawanyika nyuma ya tangi: moja linakuja kwetu, jingine linakwenda jengo la zamani, lile la jiko na wodi zilizofungwa huu mwaka wa tisa. Hilo bomba halikufungwa kamwe. Siku za mvua tulikuwa tunaanika mashuka kwenye korido zake, kuta zina moto kama zimetoka kupigwa pasi. Hamna mgonjwa, hamna mpishi, hamna hata panya, maana paka wote wa hospitali wanazalia huko. Paka wamejua. Afisa hajajua.

Na usiku boila inawaka ya nini, wakati sisi tunaingia saa moja asubuhi? Ni hilo jiko, lilikuwa linapika tangu usiku. Jiko likafungwa, wa kubadili saa hakutokea. Tulimwambia msimamizi, akasema si kazi ya wafuaji. Mzee wa boila anaijua koki ya kulifunga hilo bomba, ila haruhusiwi kuigusa bila karatasi kutoka ofisini kwako, na ofisini kwako haingii mtu mwenye masizi.

Teremka ngazi uende. Wakikuita lile jina la utani la kikapu walilokupa utotoni, itika.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya.

Barua yako niliiweka kwenye droo wiki tatu. Nilipoteremka kufulia, nilichagua saa ya chakula nikidhani wafuaji hawapo. Walikuwepo wote, na hakuna aliyenisalimia. Mzee wa boila akanipeleka jengo la zamani. Niliweka kiganja ukutani nikakitoa haraka. Nikaandika karatasi, akafunga koki mbele yangu, na boila sasa inawashwa alfajiri tu. Kwa siku kumi mafuta yalipungua karibu nusu.

Kwenye bodi, mkurugenzi alikuwa na mkataba wa lori mkononi. Alinitaka niseme ripoti yangu ilikuwa na kosa dogo la takwimu, basi. Nikasema: "Kosa si la takwimu. Niliandika habari za mahali nisipowahi kuingia, kwa sababu mama yangu alifua hapo na sikutaka mjue."

Kufulia hakufungwi. Mimi nimetolewa ofisini. Kuanzia Jumatatu nitakuwa chini ya fundi mkuu wa hospitali, nazunguka na daftari nikisoma mita na kukagua mabomba. Sijui nikwambie nimeshinda au nimeshindwa.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Fundi alipofika kwenye maneno yako ya bodi alivua miwani akaifuta. Mwanamume mzima. Nikamwambia endelea.

Kushinda na kushindwa ni maneno ya huko ofisini. Mimi najua barua ililala kwenye droo wiki tatu, na wiki tatu zote hizo mafuta yakaungua kupasha kuta, na wanawake kumi na wawili hawakupata usingizi. Hilo sijakusamehe, na usidhani machozi ya fundi yamekuombea.

Jumatatu usianze kwa wakubwa, watakupa chai siku iishe. Anza na mashine ya tatu ya kukausha. Mpira wa mlango wake umekatika upande wa chini, joto linatokea miguuni. Nimesimama pale miaka. Vaa viatu vya soli nzuri, sakafu inateleza. Piga magoti, weka mkono, ngoja kidogo. Kisha andika ulichokikuta hapo. Usiandike kwa sababu mama kasema.

Mama yako