Nyumba Isiyo na Msumari

Kobelo, ndugu yangu,

Nakuandikia kutoka Dar es Salaam, nilikozeekea bila kukanyaga Morogoro tangu tulipokuzika. Siku hizi gari la moshi linafika huko. Siku zetu tulitembea.

Juzi nilikisoma kitabu cha wale Wadachi wetu, wasomi wa fizikia waliotumwa na chuo kikuu cha kwao kuja kuipima Uluguru. Mmoja akipima uzito wa hewa, mwingine umeme wa radi, mwingine joto la jua, mwingine akisikiliza ardhi ikitetemeka. Ulikuwa ukicheka: "Hawa watapima hata ushuzi wa mbuzi!" Na Bwana Mkubwa, kiongozi wao, na sindano yake ya sumaku, ndani ya ile nyumba tuliyoifunga kwa kamba tupu, bila msumari, maana chuma kingeipotosha sindano.

Wewe ulikuwa mlinzi wa mlango, mimi karani wa tarakimu. Kila asubuhi tulipoingia, sindano iliyumba. Bwana akauliza nani ana chuma. Niliijua bangili yako ya chuma, aliyokuvisha mama yako ulipopona ndui, juu ya kiwiko, ndani ya kanzu.

Nikasema.

Hukunitazama. Waliikata kwa tupa, wakakuchapa viboko ishirini na vitano. Mimi ndiye niliyehesabu, kwa sauti, kwa kuwa hiyo nayo ilikuwa kazi ya karani. Vidonda vikaoza. Siku ya tisa ukafa.

Siku zote hizo mvua ilizuia kupima. Ilipokatika tukaingia, na sindano ikayumba tena.

Nikatia mkono mfukoni mwa koti. Funguo za ghala, Kobelo. Zile ulizonitania kwazo: "Bwana Funguo anapita, kuku jificheni!" Nilizizoea kwa majivuno hata nikasahau kuwa ni chuma. Nikatoka kidogo, nikazificha majanini. Sindano ikatulia. Bwana akafurahi. Nami nikanyamaza, hadi leo.

Kitabuni, chini ya tarakimu za asubuhi zile zilizoharibika, wameandika: *Mwenyeji mmoja alikuwa na chuma. Ameondolewa.*

Basi.

Nasikia dada yako yu hai, huko mlimani. Nitapanda gari la moshi nikamweleze, mbele ya wajomba zako, nikiwa na funguo mkononi. Kwaheri, Kobelo, sikuombi radhi. Fimbo nitaibeba mwenyewe. Safari hii ahesabu yeye.