Jiwe la Waridi Kutoka Mafia

Igoma, Mwanza

Mdogo wangu Abubakary,

Jiwe lako lilifika siku mbili kabla ya barua, kwa hiyo Mama alishaanza kulisugulia visigino. Nilipomsomea kwamba si jiwe, ni mwani unaojijengea mwili mgumu kama chokaa, na kwamba huko baharini kaa wadogo na watoto wa samaki huishi kwenye vishimo vyake, aliona aibu sana.

Akalitia kwenye ndoo ya maji ya ziwa. Halafu akakumbuka ziwa letu halina chumvi. Tangu hapo kila asubuhi anatia chumvi ya jikoni, anaonja kwa kidole, anasema, "Wapangaji wake wasife." Mboga sasa tunakula chapwa.

Ile rangi yake ya waridi imeshatoka, Abu. Jiwe ni jeupe kabisa. Mama hajui, kwa sababu macho yamemfifia tangu Ramadhani, na alinikataza kukuandikia habari hiyo. Hulipapasa tu na kusema bado lina uhai.

Njoo mwezi huu. Sitaki na wewe akujue kwa kukupapasa.

Ni mimi dada yako,
Shamsa