Herufi Mbili Kwenye Daftari la Bura

Kijiji cha Daudi, Mbulu
9 Agosti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute wewe na baba mkiwa wazima, na wadogo zangu wote hapo Tukuyu. Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku ni kama ya kwetu, ila ina upepo zaidi. Simu zako sikuzipokea kwa sababu haya nisingeweza kuyasema kwa mdomo.

Kuna mkulima hapa anaitwa Bura. Mwezi wa nne alijikata mguu kwa shoka akaja zahanati, nikamsafisha kidonda na kumpa dawa za kuua vijidudu. Huku mgonjwa huja na daftari lake mwenyewe, nasi tunamwandikia humo. Nikaandika "AB", yaani antibayotiki, kama nilivyozoea ninapokuwa na haraka.

Mwezi wa sita mwanawe Sylvester, wa miaka mitatu, aliugua akalazwa mjini. Aliporuhusiwa, karatasi yake ilionyesha damu yake ni kundi O. Bura akampelekea Alex, mwalimu wa sayansi wa shule ya hapa, karatasi hiyo pamoja na daftari lake. Mwalimu akamweleza kama anavyofundisha darasani, kwamba baba mwenye kundi AB hazai mtoto wa kundi O. Bura hakuridhika. Akamuuliza Filomena, mkunga wetu, naye akamwambia kwamba kwenye kadi za wajawazito AB ni mimba iliyoharibika, kwa mwanaume yeye hajui.

Jumapili iliyofuata akamfukuza mkewe, Irene, arudi kwao Gitting. Alipanda basi hadi Katesh, kisha bodaboda, kwenye manyunyu, akiwa amembeba mtoto ambaye hata hajapona. Sylvester alipata homa ya mapafu, akafariki siku ya tisa. Bura alipopigiwa simu alijibu, "Mtafuteni baba yake azike."

Filomena ndiye aliyeniletea habari hizo. Alipotaja AB nilijua ni zile herufi nilizoandika mimi. Nikamshauri Bura akapimwe damu mjini, nikamsindikiza, bila kumwambia sababu. Ikaonekana ni kundi O, sawa na mtoto. Hakulia. Aliikunja ile karatasi, akaniuliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi.

Tangu siku hiyo anasema mwalimu alimdanganya maana ya zile herufi, na kijiji kimemwamini. Wazazi hawamsalimii tena mwalimu Alex. Dukani wanamhudumia wa mwisho. Ameshaomba uhamisho.

Mama, mwalimu hana kosa. Kabla ya kumfukuza mkewe, Bura alikuja kwangu. Ilikuwa siku ya kliniki, foleni imefika nje. Alisimama mlangoni, daftari limefunuliwa, akauliza, "Daktari, hii ni AB kweli?"

Sikuinua hata macho. Nikamjibu, "Ndiyo, ni AB."

Akashukuru, akaondoka. Lilibaki swali moja tu la kumuuliza, kwa nini anataka kujua, na sikuliuliza. Nimelificha hilo mwezi mzima huku nikimwona mwalimu akipita peke yake.

Juzi nilikwenda Gitting. Nilimwambia Irene yote mbele ya mama yake. Nilitegemea matusi. Yeye akasema, "Mimi nilimwapia kwa kinywa changu, akanifukuza. Wewe ulimwandikia herufi mbili, akaamini. Basi mwandikie tena, maneno yote, halafu uyasome mbele ya watu."

Mkutano wa kijiji ni Jumamosi. Nimeshaandika, na nakala nimempelekea mkuu wangu wa kazi. Huenda nikasimamishwa. Bura sijamwambia bado. Atasikia siku ileile pamoja na wenzake, na sijui atanifanya nini. Filomena amesema atakaa karibu yangu.

Msiogope, wala msije. Msalimie sana baba, umweleze taratibu. Niombeeni nisikwame njiani ninaposoma, maana nimeanza na jina la mtoto, na kila nikijaribu kulisoma kwa sauti sivuki hapo.

Ni mimi binti yenu,
Kissa